Pingamizi la Majirani

Mtu akikuambia amekalia kochi lililotoka mikononi mwa Mama Makochi kisha akainuka anaumwa kiuno, mtu huyo ni mwongo, na usipoteze muda wako kumbishia. Mwanamke yule hakuwa na masihara na kazi. Kochi likiletwa kwake alilivua nguo zote mpaka ikabaki mifupa mitupu. Aligonga kila kiungo cha mbao kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, akavuta mikanda ya mpira mmoja baada ya mwingine, na sponji iliyochoka akaitupa uani bila huruma hata kama mwenye mali amesimama pale akilalamika. "Unataka kochi au unataka picha ya kochi?" aliwauliza wabishi. Wengi walinywea, wakalipa, na mwaka uliofuata wakaleta la mama mkwe.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya bati, na pini zilikuwa zimetapakaa sakafuni kiasi kwamba wageni waliambiwa wasithubutu kuvua viatu. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye vidole vigumu na ulimi usiobaki nyuma. Hakujaliwa mtoto. Na kwa kuwa mtaa ule haukukubali mwanamke wa makamo aitwe jina tupu, ulimwita kwa kile alichokizaa kila siku, yaani makochi.

Bwana aliyeishi naye alikuwa fundi bomba wa idara ya maji. Alikuwa mrefu, mpole, na viatu vyake vilikuwa vimelowa siku zote, mvua ije isije. Mtaa ukamwita Bwana Mabomba. Huyu angalau jina lake la kuzaliwa lilijulikana, maana lilishonwa kwenye shati lake la kazi, juu ya mfuko. La Mama Makochi hakuna aliyelijua, wala aliyewahi kujiuliza kama analo. Nyumbani yeye alimwita bwana huyo "Mzee" tangu wakiwa vijana wenye meno yote, naye alimwita "Fundi." Basi ukipita jioni ungewasikia: "Mzee, umekula?" "Fundi, chai imepoa." Zaidi ya miaka ishirini hivyo hivyo, na wala hawakuchokana.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Hawakuwa wameoana. Si kanisani, si msikitini, si serikalini, si mbele ya wazee. Popote pale.

Haikuwa kiburi, wala msimamo fulani wa maisha. Mwanzo walisema wakimaliza msingi wa nyumba watafunga ndoa. Msingi ukaisha, wakasema paa. Paa likaisha, baba yake Bwana Mabomba akaugua, akiba yote ikaenda hospitali. Harusi ilikuwa kitu cha watu wenye nafasi, na wao nafasi hawakuwa nayo, walikuwa na kazi. Wakaamka pamoja, wakala pamoja, wakagombana kuhusu chumvi, mpaka siku moja wakaona kuoana kungekuwa kama kumkaribisha mtu nyumbani kwake mwenyewe. Hata kiwanja walikinunua kwa jasho la wote wawili, lakini siku ya kwenda kukiandikisha Mama Makochi alikuwa amezongwa na viti vya ukumbi mzima. Akasema, "Nenda tu, Mzee. Si ni chetu?" Jina likaandikwa moja.

Uongo nao ulianza kidogo tu. Siku waliyohamia, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la sabuni, mafuta na betri, alivuka na beseni la maji ya kuwakaribisha. Huyu ndiye Mama Redio. Habari ikiingia dukani kwake asubuhi, mchana inasikika mtaa wa nne, tena imeongezwa viungo. "Mlifunga wapi ndoa, mama?" aliuliza kabla hata beseni halijatua. Mama Makochi, ameshika mguu wa meza mkono mmoja na godoro mkono mwingine, akajibu, "Kwetu." "Ilikuwaje?" "Mvua ilinyesha."

Basi. Angeishia hapo, lakini Mama Redio si mtu wa kuishia. Kila akikutana naye alitaka kipande kingine. Mwaka wa pili hema likang'olewa na upepo. Mwaka wa tano akatokea shangazi aliyeteleza kwenye matope akiwa ameshika keki. Mama Makochi alisimulia vizuri, huwezi kumlaumu mtu kwa kipaji, na ile harusi ikawa maarufu kuliko harusi zilizofungwa kweli. Ikafika mahali wenye ndoa changa wakigombana wanaletwa kwake. Aliwakalisha kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, ili wasijisahau, akawapa vidonge vyao. Na wale waliochukuana tu bila ndoa aliwafokea zaidi ya wote. "Msikae hewani hivyo!" aliwaambia. Wakishaondoka alikuwa anatazama mlango kabla ya kushika tena mkasi.

Kilichomwamsha ni msiba. Fundi bomba mmoja, mwenzake Bwana Mabomba kazini, alianguka ghafla akafa. Mama Makochi alikwenda kusaidia kupika na kupokea wageni, kwa kuwa mama wa nyumba ile alikuwa mteja wake wa zamani. Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka za marehemu walianza kutoa vitu nje. Walimtoa na mama mwenyewe. Hakupigwa, hakutukanwa, aliombwa tu kwa upole apishe. "Wewe tunakuheshimu, dada," kaka mmoja alisema. "Lakini hebu tuambie, kisheria wewe ni nani yake?" Yule mama alifungua mdomo. Alikuwa amemfulia marehemu, amemzika mama mzazi wa marehemu, amelipa nusu ya matofali ya ile nyumba. Mdomo ukabaki wazi, neno halikutoka. Mama Makochi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, akaona yote.

Wiki hiyo hiyo wakili mmoja alileta viti vya ofisini kwake kuvishwa upya. Alikuwa mama wa makamo, asiye na makuu, aliyependa kukaa karakanani kutazama kazi. Mama Makochi akamuuliza kwa kujizungusha, eti kuna ndugu yake fulani anaishi na mwanaume bila ndoa.

"Nyumba ina jina la nani?" wakili aliuliza.

"La mwanaume."

"Basi ndugu yako akifiwa, atafika mahakamani kama mwombaji. Mahakama inaweza kukubali kwamba watu walioishi hivyo muda mrefu wahesabiwe kama wameoana. Inaweza. Lakini atatafuta mashahidi, atahojiwa, na upande wa pili watakaa mashemeji na wakili wao. Kesi za namna hiyo zinakula miaka."

"Na mwanaume akiandika wosia?"

"Utasaidia kwenye nyumba. Lakini pensheni ya kazini haisikilizi wosia, inamfuata mke mwenye cheti. Bima ya afya nayo ni hivyo hivyo, anatibiwa mwenza aliyeandikishwa. Huyo ndugu yako akiumwa anajilipia mwenyewe, sivyo?"

Mama Makochi alikumbuka macho yake, na miwani aliyonunua kwa hela ya makochi mawili.

"Sisemi kila mtu lazima aolewe," wakili aliendelea. "Mimi naishi na dada yangu, hatuna waume, na tunalala usingizi mzuri. Lakini hati ya nyumba ina majina yetu yote mawili, na tumeandikiana wosia. Na ndoa si maua tu, deni la mume linaweza kuja kubisha mlango wa mke. Ndugu yako kama ana karakana yake, waandikiane kabla kwamba ni ya kwake peke yake. Kila namna ya kuishi ina makaratasi yake, mama. Shida ni kuishi bila hata moja."

"Sijasema ana karakana," Mama Makochi alisema.

Wakili akatazama nyundo, akatazama sponji, akatabasamu. "Huyo mzee anastaafu lini?"

Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na utaratibu wa idara ya maji ulikuwa mkali. Mke aliyeandikishwa kabla ya siku ya mwisho ya kazi anatambuliwa. Wa baada ya hapo, hata awe na vyeti kumi, hatambuliwi.

Jioni ile alimsubiri Bwana Mabomba avue viatu. "Mzee, unioe," alisema.

Bwana Mabomba alifikiri ni utani, akacheka mpaka akakohoa. Alipoona mwenzake hacheki, akakaa. Akaelezwa yote, kuanzia yule mama aliyetolewa nje mpaka pensheni. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Nimekuweka vibaya, Fundi," alisema mwishowe. "Miaka yote hii nimezunguka nikiziba maji ya watu." Mama Makochi akamwambia asianze kulia, wote wawili walisahau, na hata yeye alisahau kwa sababu alipenda kusahau. Wakakubaliana waende mji mwingine kuandikisha ndoa kimyakimya, warudi na cheti, na mtaa usijue kitu.

Lakini sheria haina habari na aibu ya mtu. Msajili wa ndoa, kijana nadhifu aliyekunja mikono ya shati kwa vipimo sawa, aliwaeleza kwamba tangazo la ndoa hubandikwa mahali wanapoishi wahusika, wiki tatu, ili mwenye pingamizi alilete. Mahali wanapoishi maana yake ni ubao wa ofisi ya mtaa. Ubao ambao watu wote hupita kwenda kulipia maji.

Na tangazo lilisemaje? Lilitaja jina la bwana, mseja, mtumishi wa idara ya maji. Kisha jina la mwanamke, mfanyabiashara, mkazi wa mtaa huo huo, na mbele yake, kwa herufi nyeusi zisizo na haya: hajawahi kuolewa.

"Haliwezi kuandikwa neno jingine?" Mama Makochi aliuliza.

"Kuna mtalaka na kuna mjane, mama," kijana alisema. "Uchague lililo la kweli."

Alisimama pale dirishani, bibi wa watu, mshauri wa ndoa za mtaa mzima, kijasho kinamtoka. Angeweza kuondoka. Nyumba ingebaki kama ilivyo, na jina lake lingebaki kama lilivyo, mpaka siku ambayo kaka fulani angekuja kumwomba apishe. Akapiga moyo konde. "Bandika," alisema.

Wiki ya kwanza alifanya kazi akiwa ameinamisha kichwa, akisubiri mtu aje kumcheka. Hakuja mtu. Badala yake yakaanza mambo ya ajabu. Mama Redio alivuka barabara na sahani ya chakula, akamshika mkono, akasema, "Mama, sisi tupo. Ujue tupo," kisha akaondoka bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wanawake wengine wakamletea matunda. Wenzi wachanga aliowahi kuwafokea wakamfagilia uwanja. Mama Makochi moyo ukamlainika. Wameshasoma, alijiambia. Wameshasoma, wamejua uongo wangu wote, na wamenisamehe bila hata kunisema! Alilia kidogo nyuma ya kochi la wateja, machozi ya kuwapenda watu wale.

Mambo mawili tu hakuyaelewa. Bwana Mabomba alikuwa akisalimia haitikiwi. Alikwenda kununua sabuni akaambiwa imekwisha, na huku sabuni zinaonekana zimepangwa mpaka darini. Na msusi mmoja kijana, aliyepanga chumba mwisho wa mtaa, binti wa watu asiye na neno, alisema wateja wamemkimbia ghafla na wanawake wanamkata jicho.

Wiki ya tatu ikaja taarifa kutoka kwa msajili kwamba kumewekwa pingamizi, na wahusika wote wafike.

Siku hiyo walivaa vizuri. Walipoingia kwenye chumba cha mabenchi cha msajili, chenye feni inayozunguka bila kutoa upepo, Mama Makochi alikuta mtaa umejaa. Mama Redio alikaa mbele kabisa, amefunga kilemba cha shughuli nzito. Msusi naye alikuwa pale, amesimama mlangoni. Alisikia anatajwa, akaja kujua kosa lake.

"Pingamizi linasema bwana huyu ana mke aliye hai," msajili alisoma. "Na kwamba mwanamke aliyetajwa kwenye tangazo ni, nasoma kama ilivyoandikwa, mdandiaji."

Mama Redio akainuka. "Bwana Msajili, mimi nina ulimi mrefu, najulikana. Lakini leo sikuja na umbea. Wiki tatu nimefunga mdomo wangu, muulize yeyote, ili huyu mama asijue akaanguka kwa presha. Mke wa huyu mzee ni huyu hapa. Mzee alipovunjika mguu kazini, nani alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka msalani? Huyu, na ufupi wake huo! Nyumba ile ilipoezekwa, nani alikuwa juu ya ngazi na misumari mdomoni? Baba yake mzee alipougua, nani aliuza cherehani yake nzuri akashona kwa mkono mwaka mzima? Sisi tukikorofishana na waume zetu tunakimbilia kwake. Ndoa yangu mimi imesimama kwa sababu yake, nasema mbele ya mume wangu, yuko pale nyuma. Leo mzee anataka kumletea mtu asiyejulikana hata ukoo, eti hajawahi kuolewa! Mpaka leo kwa nini hajaolewa? Ana kasoro gani?"

"Ana kasoro!" benchi la nyuma likaitikia, na macho yote yakamgeukia msusi.

Mama Makochi alimtazama msusi, akatazama macho ya watu. Ndipo alipoelewa. Hawakuwa wamemsamehe chochote, maana hawakujua chochote. Walisoma jina la mwanamke wasilolijua, wakadhani ni la msusi, mpangaji mgeni wasiyemjua jina, na zile sahani zote zilikuwa za kumfariji mke anayeibiwa mume. Walikuja kumtetea dhidi ya yeye mwenyewe.

Kabla hajapata neno, Bwana Mabomba alisimama. Yule mzee ambaye hakuwahi kuinua sauti hata kwa bomba lililopasuka, aliivua heshima yake yote mbele ya watu. "Ni kweli," alisema. "Nimekosa. Nilipitiwa na shetani, nikataka kuongeza mwanamke. Nafuta tangazo. Nawaomba radhi, na mke wangu namwomba radhi."

Chumba kikalipuka. "Uzee huo!" mmoja alipiga kelele. "Na hata aibu huna!" Bwana Mabomba alisimama amening'iniza mikono, akameza yote. Alimtazama Mama Makochi mara moja tu, na katika kutazama kule akamwambia kila kitu. Alikuwa anatoa jina lake ili la mwenzake lisiguswe. Mama Makochi alitakiwa kunyamaza tu. Kunyamaza na kufuta chozi moja, basi, angetoka pale na heshima kubwa kuliko aliyoingia nayo. Angekuwa mke aliyedhulumiwa na akasamehe. Siku ya mwisho ya kazi ingepita bila cheti, nyumba ingebaki na jina moja, na hakuna mtu wa mtaa ambaye angewahi kujua.

Haki ya Mungu, ni wangapi kati yetu wasingenyamaza?

"Kaa chini, Mzee," Mama Makochi alisema.

Bwana Mabomba hakukaa. "Fundi, niache."

"Nimesema kaa." Akakaa. Mama Makochi akafungua mkoba wake, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani mbele ya msajili. Kisha akawageukia majirani, maana aliona haifai kuwapa mgongo. "Huyo mwanamke ni mimi."

Hakuna aliyeelewa. Msajili alitazama kitambulisho, akatazama tangazo, akarudia. "Jina ni hilo hilo," alisema.

"Ndilo jina nililopewa na mama yangu," Mama Makochi alisema. "Hamkuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Na huyo ambaye hajawahi kuolewa, ndiye mimi. Sijaolewa. Harusi yangu mliyoisikia haikuwepo. Watoto wenu nimewafokea kwa kukaa bila ndoa, na mimi nilikuwa nakaa hivyo hivyo, nikijua. Mzee hajataka mwanamke mwingine, huyu hajui hata kudanganya, mmemwona wenyewe alivyodanganya vibaya." Akafunga mkoba wake. "Nilimwona mwenzangu anatolewa kwenye nyumba aliyoijenga, wakamuuliza yeye ni nani, akakosa la kusema. Nikaona afadhali mnicheke ninyi leo kuliko kuulizwa hivyo siku ninayomzika huyu. Basi nichekeni. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Mama Redio alikuwa bado amesimama, kilemba kimemlegea, uso umemshuka.

"Na shangazi?" aliuliza taratibu. "Aliyeteleza na keki?"

"Hakuna shangazi, jirani."

"Huyo shangazi nimewasimulia watu mpaka wa soko la juu!" Mama Redio alipiga paja. "Nimemlilia! Alivyoumia nyonga, nimemlilia!"

"Nyonga uliongeza wewe," Mama Makochi alisema.

Hapo ndipo mtu mmoja nyuma aliposhindwa kujizuia, na kicheko kikapita benchi kwa benchi. Lakini Mama Redio hakucheka. Aliumia kweli, na ilionekana. "Umeniudhi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Umeniudhi sana, na nitakununia, ujue hivyo. Ungeniambia mimi. Mimi!" Alijifuta kwa ncha ya kilemba, akamgeukia msajili. "Lakini niliyoyasema hapa kuhusu huyu mama sikutia chumvi hata punje. Mguu ni kweli, ngazi ni kweli, cherehani ni kweli. Kama huyo si mke, basi mimi mke simjui. Nafuta pingamizi langu. Unahitaji mashahidi? Jina langu liandike la kwanza kabisa."

"Na mimi?" msusi aliuliza pale mlangoni. "Nitauziwa sabuni sasa?" Wakamwomba radhi, wawili wakaweka miadi ya kusukwa papo hapo, na msajili akagonga meza akiomba utulivu ili awafungishe watu ndoa.

Bwana Mabomba aliulizwa kama anamkubali mwanamke huyu, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaambiwa aseme kwa mdomo. Mama Makochi alipoulizwa yeye, alijibu kabla swali halijaisha. Mama Redio alimnunia kama alivyoahidi, mpaka Jumamosi.

Cheti kikapelekwa idara ya maji wiki mbili kabla ya siku ya mwisho. Wakili akaongeza jina la pili kwenye hati ya nyumba, akaandika na ile karatasi ya karakana. Wenzi waliozoea kuja kukalishwa kwenye kochi tupu waliendelea kuja, tena wakawa wengi zaidi. Hakuwafokea tena waliokaa bila ndoa. Aliwauliza nyumba ina jina la nani, nani atasaini hospitali, nani ataulizwa na atajibu nini. Wengine walikwenda kuandikisha ndoa, wengine wakaandikiana wosia, wengine hawakufanya lolote, na hao aliwafuata hadi mlangoni kwao. Mimi sijaona mtu akiligeuza kosa lake likawa na faida kwa watu namna ile, na wanaosema alijidhalilisha siku ile waje wanionyeshe wao walilofanya.

Bwana Mabomba alistaafu, akakaa karakanani mwaka mmoja na ushei akimshikia vitambaa ovyo na kumpotezea mikasi. Kisha moyo wake ukamgomea asubuhi moja. Hospitalini muuguzi alimuuliza Mama Makochi yeye ni nani wa mgonjwa. "Mke," alisema, na akaruhusiwa kuingia kumuaga.

Kaka za Bwana Mabomba walikuja, watu wazima, wenye huzuni yao. Walizika, wakakaa siku tatu. Siku ya tatu yule mkubwa alisafisha koo, akaanza kusema kuhusu nyumba. Mama Makochi alimjibu kwa adabu kwamba nyumba ni ya mjane, na wakili yupo, atawaeleza wakitaka. Kisha akamuuliza, "Shemeji, umeshakula?" Shemeji akatazama miguu yake, akasema ameshakula. Mchana wakaaga, wakampa mkono, wakaenda.

Majirani walipotawanyika, alifunga mlango. Aliingia chumbani, akalala upande wa kitanda uliokuwa wa Mzee, akalia kwa sauti kubwa, kwa kadiri alivyotaka, mpaka jioni. Na hakuna mtu aliyekuja kugonga kumwambia atoe vitu vyake.